Kofia Mezani

Yako maswali ya maisha yaliyo makubwa, kama vile uhai na kifo, vita na amani. Na yako maswali yaliyo madogo hata mtu huona haya kuyauliza mbele ya wenzake. Walakini yale makubwa hutujia mara chache, na haya madogo hutujia kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Swali nitakalo tulitazame pamoja, ewe msomaji, ni katika hayo madogo. Nalo ni hili: Je, ni vibaya mtu kula chakula mezani hali amevaa kofia? Na kama ni vibaya, ubaya huo ni wa namna gani? Je, ni kama ubaya wa wizi na uongo, ambao ni ubaya kila mahali? Au ni kama kosa la mgeni aliyepotea njia mjini, ambalo hukoma mara anapoonyeshwa barabara?

Usicheke. Watu wamegombana kwa ajili ya kofia. Wamefukuzwa karamuni kwa ajili ya kofia. Wengine wametozwa faini, na wengine wamepigwa. Kitu kiwezacho kuleta hayo yote si kidogo kama kionekanavyo.

Sisi tukaao katika miji ya Ruiru na Thika tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na barabara kuu pana ya Thika ikafunguliwa mwaka 2012; na kila njia mpya imeleta watu wapya. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Ruiru ilikutwa na watu zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Watu hao hawakutoka katika nyumba moja, wala hawakulelewa na mama mmoja. Ukiingia katika mkahawa wa Thika saa saba mchana, utaweza kuona katika meza moja mzee wa Kikuyu mwenye chepeo, kijana mwenye kofia nyepesi ya ukingo mbele kama wavaazo wachezaji, mwendesha pikipiki aliyeweka kofia yake ngumu juu ya magoti, Mwislamu mwenye kofia nyeupe ya kushonwa, mama mwenye kilemba, na binti mwenye ushungi. Wote wanakula: huyu githeri, huyu ugali na sukuma wiki, huyu pilau. Na jikoni mpishi amefunika kichwa chake, maana afya yataka nywele zisianguke katika sufuria. Basi kwa chakula kile kile, mwenye kukipika huamriwa afunike kichwa, na mwenye kukila huambiwa akifunue.

Wala jambo hili si la mikahawa na mabweni ya shule tu. Zile meli kubwa za watalii, ambazo baadhi yake hutia nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, ni kama miji ielekayo baharini. Nyingi katika meli hizo huwataka wanaume wasivae kofia za michezo katika chumba kikuu cha chakula cha jioni. Mtu ametoa fedha nyingi ili astarehe. Yuko mbali na mzazi wake na mwalimu wake. Pande zote ni maji matupu. Hata hivyo, afikapo mlangoni pa chumba cha chakula, hukutana na swali lile lile alilokutana nalo kijana wa Ruiru katika karamu ya arusi. Hivyo tusidhani ya kuwa ni swali la maskini au la tajiri, la mjini au la shamba. Kila mahali wanapokula watu wengi pamoja, swali hili huwafuata.

Wengi hulijibu upesi. Husema ya kuwa kuvua kofia mezani ni adabu, na ya kuwa adabu ni kitu kisichobadilika tangu kale. Jibu hilo halisimami likichunguzwa. Hapa kwetu desturi hii ilienezwa hasa na Waingereza, kwa njia ya shule, misheni na jeshi. Lakini Waingereza wenyewe hawakuwa nayo siku zote. Katika karne ya 17 wanaume wa London walikuwa wakila hali wamevaa kofia. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara mashuhuri ya maisha yake, alieleza mwaka 1664 ya kuwa alipatwa na mafua kwa sababu ya kuitupa kando kofia yake wakati wa chakula. Kwake yeye, kosa lilikuwa kuivua! Baadaye desturi iligeuka, hata vizazi vilivyofuata vikaona ya kuwa kula na kofia ni ukosefu wa malezi. Tena hata hapo sheria haikuwa moja kwa wote. Mwanamume alipaswa kuivua kofia yake, lakini mwanamke aliyealikwa chakula cha mchana aliweza kukaa na kofia yake kichwani mpaka mwisho, wala hakuna aliyemnung'unikia.

Thika nayo ina nafasi yake katika historia hii. Hoteli ya Blue Posts ilianzishwa mwaka 1908 karibu na maporomoko ya mito ya Chania na Thika, nayo ikawa kituo cha walowezi na wasafiri Wazungu. Katika hoteli za Wazungu za Kenya ya siku zile, Mwafrika hakukaribishwa kuketi. Aliingia chumba cha chakula kama mtumishi. Mtumishi huyo alivikwa kanzu nyeupe na, mara nyingi, tarbushi nyekundu kichwani. Basi tazama: katika chumba kimoja, kwa saa moja, mbele ya chakula kimoja, bwana aliketi kichwa wazi kwa kuwa ndiyo adabu yake, na mtumishi alisimama nyuma ya kiti amefunika kichwa kwa kuwa ndiyo adabu aliyoamriwa. Kama ubaya ungekuwa katika kofia yenyewe, kofia isingeweza kuwa kosa juu ya kichwa cha mmoja na amri juu ya kichwa cha mwingine, hali baina yao pana hatua mbili tu.

Mfikirie sasa kijana wa Ruiru anayesafiri kwenda Mombasa kwa barabara. Nyumbani kwao amefundishwa kuvua kofia kabla ya sala ya chakula. Njiani anafika Makindu, ambako pana hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na ambako msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila ya malipo. Hapo ataambiwa avue viatu na afunike kichwa. Na ikiwa hana kofia wala kilemba, atafunga kitambaa. Kule kwao alifunua kichwa ili ale kwa heshima. Hapa anafunika kichwa ili ale kwa heshima. Akiendelea na safari mpaka Mombasa, akaalikwa katika nyumba ya Waislamu wa Mji wa Kale, yumkini atamkuta mwenye nyumba ameketi na kofia yake ya viua, iliyoshonwa kwa mkono kwa muda wa majuma mengi. Hatamwona akiivua kwa sababu ya chakula. Atamwona akinawa mikono, akitaja jina la Mungu, akila kwa mkono wa kulia, na akila kilicho mbele yake bila ya kuingilia upande wa mwenziwe. Huko adabu ya chakula imo mkononi zaidi kuliko kichwani.

Na kabla ya hayo yote kufika, Wakikuyu wa huku kwetu walikuwa na karamu zao na adabu zake. Heshima ya karamuni ilionekana zaidi katika kugawa nyama. Kila rika na kila daraja lilikuwa na fungu lake la mbuzi, na kumpa mzee fungu la kijana lilikuwa kosa kubwa kuliko kofia yoyote. Baadaye kofia nayo ikapata maana yake kwa wazee wengi: ikawa alama ya umri na ya uongozi. Mzee Jomo Kenyatta, ambaye makao yake ya Gatundu hayako mbali na Thika, alijulikana kwa kofia yake ya shanga, naye aliivaa mbele ya umati katika shughuli za taifa. Mzee wa leo anayeketi katika shughuli ya ruracio hali amevaa kofia yake, hakusudii kumdharau mtu. Kwake kofia ni sehemu ya cheo chake cha uzee, kama fimbo na mgwisho.

Hapa ndipo kijana mwerevu atakapoinuka na kusema: "Mwalimu, umenisaidia. Ikiwa London ya 1664 walivaa, na London ya baadaye walivua. Ikiwa Makindu hufunika, na Thika hufunua. Basi adabu hii si kitu. Nitavaa kofia yangu nitakapo, na mtu asiniulize." Maneno haya yana sura ya busara, lakini ndani yake pana kosa. Hebu tulitazame kosa hilo, maana ndilo lipotezalo watu wengi waliosoma kidogo.

Maneno ya lugha nayo hutofautiana. Neno la salamu kwa Mkikuyu si neno la salamu kwa Mjaluo, wala si neno la salamu kwa Mdigo. Je, kwa kuwa maneno hutofautiana, yafuata kwamba kusalimu si kitu? La. Kila kabila lina neno lake, lakini jambo linenwalo ni moja: Nimekuona, nawe ni mtu kwangu. Vivyo hivyo kuvua kofia, kufunika kichwa, kunawa mikono, kumpa mzee fungu lake, ni maneno ya lugha mbalimbali yanenayo jambo moja: Chakula hiki si mali yangu peke yangu, na ninyi mlioketi pamoja nami mna thamani machoni pangu. Neno laweza kubadilika kutoka mji hata mji. Jambo linenwalo halibadiliki. Mtu asemaye ya kuwa hana haja na lugha yoyote ya heshima kwa sababu lugha ni nyingi, hawi huru kwa hilo. Huwa bubu tu mbele ya wenzake.

Mtazame mwanafunzi aliyealikwa chakula cha mchana na rafiki yake mtaani mwa Thika. Mama ameamka mapema kupika. Baba amevua kofia yake mwenyewe ili aombee chakula. Watoto wameinamisha vichwa. Mgeni wetu anajua maana ya hayo yote, kwa kuwa kwao pia hufanywa hivyo. Lakini amekaa na kofia yake imeshuka mpaka nyusini, na macho yake yamo katika simu. Hakusema neno, walakini amesema. Amesema: "Sala yenu na jasho la mama yenu si kitu kwangu." Hapa hatuwezi tena kusema ya kuwa ni tofauti ya desturi. Ameijua lugha ya nyumba ile, akaitumia kutukana. Hapo kofia imekuwa chombo cha dharau, na dharau ni ubaya kila mahali, Ruiru na London, Makindu na Mombasa.

Hata hivyo, tusiharakishe kumhukumu kila mwenye kofia, maana iko hatari ya upande wa pili, nayo ni kubwa zaidi. Ni hatari ya mwenye kuidai heshima kwa nguvu. Katika miaka ya ukoloni, mfanyakazi wa shamba la kahawa au la mkonge alitazamiwa avue kofia yake apitapo mbele ya mlowezi, na aliyesahau aliweza kutukanwa au kupigwa. Mkono uliovua kofia kwa namna hiyo haukutoa heshima, ulitoa hofu. Na aliyeipokea hofu hiyo akaiita heshima, alijidanganya mwenyewe. Heshima ni kitu cha kupewa. Ukiichukua kwa fimbo, unachokishika mkononi si heshima tena.

Jambo hili halikuwa la Afrika tu. Mwaka 1670 William Penn na William Mead, wafuasi wa dhehebu la Marafiki, ambao wengi huwaita Quakers, walishtakiwa London kwa sababu ya mkutano wa ibada uliofanywa barabarani. Watu wa dhehebu hilo waliamini ya kuwa kuvua kofia kwa kunyenyekea ni haki ya Mungu peke yake, nao walizivua walipomwomba. Siku ile kofia zao ziliondolewa walipokuwa wakiingia mahakamani. Mahakama ikaamuru wavikwe tena kofia zao; kisha ikawatoza faini kwa kuwa hawakuzivua! Waamuzi wale hawakutafuta heshima. Walitafuta kosa, na walipolikosa walilitengeneza. Watu wa dhehebu hilo hilo walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902, na leo ni wengi nchini mwetu. Basi kisa hiki si cha wageni tu.

Utasema ya kuwa mlowezi na mahakama ile ni mambo ya zamani. Sikia basi jambo la siku zetu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika karamu ya arusi huko Ruiru. Chini ya hema waliketi watu wapatao mia mbili, na mukimo na nyama ya mbuzi vilikuwa vimekwisha kupakuliwa. Mzee mmoja wa ukoo wa bwana arusi alikuwa akila hali amevaa kofia ya sufu. Kijana wa kusimamia wageni, nadhifu sana, mwenye shati jeupe na tai, alimkaribia akasema kwa sauti ya kusikiwa na meza tatu: "Guka, toa kofia, watu wanakula." Meza zile zikanyamaza. Yule mzee aliweka kijiko chini, akafuta mikono yake, akasema kwa upole, "Haya, mjukuu wangu, kuleni salama," akainuka akatoka. Mama wa bwana arusi alimkimbilia mpaka langoni, lakini hakukubali kurudi. Sahani yake ilibaki mezani, nyama haijaguswa.

Msomaji wangu, nakuomba uwe mwamuzi wa kesi hii. Kijana yule hakusema uongo. Alinena kanuni aliyofundishwa shuleni, na shuleni huenda alisifiwa kwa kuikumbuka. Lakini kanuni ya kofia iliwekwa kwa nini? Iliwekwa ili watu wale pamoja kwa kuheshimiana. Siku ile, kwa ajili ya kuilinda kanuni, kiti cha mzee kilibaki kitupu na karamu ya ukoo mzima ikaingia doa. Kanuni ilihifadhiwa, na lile lililokusudiwa na kanuni likauawa. Mtumishi akitumwa kisimani kuteka maji, naye akarudi na mtungi mtupu akajisifu ya kuwa mtungi haukuvunjika, je, utamshukuru?

Mzee yule hakutaja sababu yake, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kumwuliza mbele ya watu. Sababu zaweza kuwa nyingi. Mtu aweza kuvaa kofia kwa sababu ya baridi, maana wazee huisikia baridi tusiyoisikia sisi. Aweza kuvaa kwa sababu ya imani yake, au kwa sababu ya kovu asilotaka lionekane. Aweza kuvaa kwa sababu ya ugonjwa. Karibu na Ruiru iko Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutibu saratani. Na dawa nyingi za ugonjwa huo hupukutisha nywele. Tuseme ya kuwa binti wa rika lako ametoka huko, amepona au angali anapigania uhai wake, akaingia katika mkahawa pamoja na mama yake, naye amevaa kofia. Kisha mtu mwenye bidii ya adabu akamwamuru aivue. Ni nani hapo aliyekosa adabu?

Sheria ya nchi nayo imeguswa na jambo hili la kichwa, ijapokuwa si mezani bali darasani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, humpa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini. Walakini mahakama zetu zimetofautiana juu ya mpaka wa uhuru huo shuleni. Katika kesi ya wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo waliotaka kuvaa hijabu pamoja na sare, Mahakama ya Rufaa iliwakubalia mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo mwezi wa Januari 2019. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu ya Nairobi ilimpa haki mwanafunzi wa imani ya Rastafari aliyekuwa ametolewa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Sisemi ni hukumu ipi iliyo bora. Nasema hivi: ikiwa majaji wenye elimu na muda wa kufikiri wameona jambo la kichwa kuwa gumu, wewe nami tusilifanye kuwa jepesi kwa sauti kubwa ya karamuni. Tena sheria yaweza kutuambia mtu alazimishwe nini na asilazimishwe nini. Haiwezi kutuambia namna ya kumwonea mtu huruma.

Wazee wa Pwani husema, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Methali hii hufundisha mgeni afuate desturi za wenyeji wake, nayo ni njema ikitumiwa kwa kiasi. Lakini iko tofauti kati ya kufumba jicho na kulivunja. Kijana anayevaa kofia kwa urembo tu, akiivua kwa saa moja kwa ajili ya wenyeji wake, amefumba jicho. Akitoka nje atalifumbua tena, wala hakupoteza kitu. Msingasinga akiamriwa avue kilemba chake, au binti Mwislamu aondoe ushungi wake, au mgonjwa aonyeshe upara wake, hao wameambiwa walivunje. Mwenyeji mwenye utu hatamwomba mgeni wake avunje jicho ili ale ugali.

Kwa hiyo wajibu wa meza umegawanyika, wala haukuwekwa juu ya kichwa cha mmoja tu. Wewe uliye mgeni, tazama wenyeji wako wanafanya nini kabla hujaketi, na ikiwa hufahamu, uliza kwa sauti ndogo. Likiwa ni jambo la urembo tu, wafuate kwa moyo mkunjufu. Ikiwa iko sababu ya kweli ya kutowafuata, waambie kwa maneno machache na ya upole. Si lazima ueleze yote. Nawe uliye mwenyeji au msimamizi wa karamu, kama una kanuni ya nyumba yako, itaje mlangoni kabla ya watu kuketi, na uitaje kwa wote. Ukiona mmoja hakuitii, mwinamie sikioni. Na akikwambia ya kuwa hawezi, mkubalie umwongezee mchuzi. Usimguse mtu kichwa chake, wala usimfanye kichekesho cha meza. Nanyi mlioketi kando, msigeuze macho yenu yakawa mashtaka. Macho mia mbili yakimtazama mtu mmoja humfukuza kabla hajafukuzwa kwa maneno.

Liko na jambo la mwisho, ambalo sisi walimu hatuna budi kulisema. Kuvua kofia ni rahisi. Nimewaona vijana walioketi mezani vichwa wazi, nywele zimechanwa vizuri, kisha wakamwita mpishi kwa mluzi, wakamcheka mwenzao aliyekuja na viatu vilivyochakaa, wakajaza sahani zao na kuacha sufuria tupu kwa walio nyuma. Hao waliivua kofia, lakini kiburi walikiacha kichwani. Na nimemwona mchukuzi wa mizigo wa soko la Thika, kofia yake imeloa jasho, akiukata mkate wake katikati ili ampe mwenzake ambaye siku hiyo hakupata kazi. Hakuivua kofia hiyo. Kati ya hao, ni nani ungependa kula naye?

Basi turudi katika swali letu tulijibu. Je, ni vibaya kula mezani na kofia? Kofia peke yake haina ubaya wala uzuri. Mahali ambapo watu huivua kama neno la heshima, kuiacha kichwani kwa kutojua ni kosa dogo la mgeni, na dawa yake ni kuonyeshwa njia kwa upole. Kuiacha kwa kusudi ili kuwadharau wenyeji ni ubaya wa kweli. Kumlazimisha mwenziwe aivue ili kumwaibisha nako ni ubaya wa kweli, hata kama mwenye kulazimisha ana kanuni upande wake. Utakapoalikwa tena mezani, katika nyumba ya jirani Ruiru au katika chumba cha chakula cha meli kubwa baharini, ivue kofia yako kwa hiari yako mwenyewe ikiwa ndiyo lugha ya mahali pale. Kisha mtazame aliyeketi karibu nawe na kofia yake kichwani, umsogezee sahani ya nyama, na umwulize habari za nyumbani.